Meza ya Kazi ndani ya Photoshop: Tathmini ya Upangaji wa Paneli kwa Mhariri wa Picha

Tathmini nyingi za programu za kuhariri picha hushughulikia brashi, vichujio na uwezo mpya wa kuongeza au kufuta vitu pichani kwa akili unde. Ni chache zinazogusa jambo ambalo mhariri hukutana nalo kabla hajashika brashi yoyote, yaani namna paneli (visanduku vya amri na taarifa), zana na picha yenyewe zinavyogawana skrini. Makala haya yanahusu jambo hilo peke yake. Kazi yangu ya kila siku ni kusafisha picha za sura za watu, picha za bidhaa na picha za zamani zilizoskaniwa, na sehemu kubwa ya kazi hiyo naifanya kwa Adobe Photoshop. Hukumu yangu naitoa mapema: sijatumia programu nyingine inayompa mhariri uhuru mkubwa kiasi hiki wa kuipanga meza yake, kuipa jina na kuirudisha kama ilivyokuwa, lakini mpangilio unaokuja nayo haumfai mtu wa picha, na anayeuacha ulivyo hupoteza muda kila saa bila kujua umekwenda wapi.

Mpangilio huo wa awali huitwa Essentials. Ukifungua programu kwa mara ya kwanza utakuta mwambaa wa zana upande wa kushoto, na upande wa kulia safu pana ya paneli: juu kabisa kuna paneli ya kuchagua rangi pamoja na wenzake wa vibao vya rangi, mipito ya rangi na ruwaza, katikati kuna sifa, marekebisho na maktaba, chini kuna leya (matabaka ya picha yanayolaliana), chaneli (picha ikiwa imegawanywa katika nyekundu, kijani na buluu) na njia. Kwa mtu anayechora mabango au anayebuni nembo, paneli ya rangi pale juu ina haki ya kuwapo. Kwa anayehariri picha iliyopigwa kwa kamera, paneli hiyo imekalia kiti cha mgeni wa heshima huku mwenye shughuli akiwa amesimama, kwa sababu rangi za picha hazichaguliwi kutoka kwenye kibao bali hurekebishwa kutoka ndani ya picha.

Sikufikia kauli hiyo kwa kudhani. Kabla ya kuhamisha chochote niliweka karatasi kando ya kibodi, nikaandika majina ya paneli zote zilizokuwa wazi, kisha nikahariri picha moja ya sura tangu mwanzo hadi mwisho huku nikipiga mstari mdogo kwenye jina la paneli kila mkono wangu ulipoigusa. Nilipomaliza, mistari ya leya ilikuwa imejaa hadi ukingoni na kugeukia mstari wa pili; sifa na historia, yaani orodha ya hatua ulizokwisha kufanya, zilikuwa na mistari ya kutosha; chaneli ilikuwa na michache; rangi, mipito, ruwaza na maktaba hazikuwa na hata mmoja. Nampendekezea kila mhariri zoezi hili kabla hajasoma ushauri wa mtu mwingine, ukiwemo wangu, kwa kuwa karatasi hiyo itamwonyesha kazi yake mwenyewe. Mtu wa picha za vyakula au wa majengo atapata orodha tofauti na yangu, na atakuwa sahihi.

Baada ya kujua paneli zipi zinahitajika, swali linalofuata ni mahali pa kuziweka, na hapa hesabu husaidia kuliko mazoea. Skrini ya kawaida ya pikseli 1920 kwa 1080 ina uwiano wa 16 kwa 9, ilhali picha za kamera nyingi zina uwiano wa 3 kwa 2. Tuseme kwamba baada ya kutoa mwambaa wa menyu, mwambaa wa chaguo za zana na vichupo vya faili, kimo kilichobaki ni pikseli 900. Picha iliyolala itakayojaa kimo hicho itakuwa na upana wa pikseli 1350, na kwa hiyo pembeni zitabaki pikseli 570 ambazo picha haizihitaji hata kidogo. Picha iliyosimama itachukua upana wa pikseli 600 tu, na pembeni zitabaki 1320. Sasa chukua paneli moja ya kimo cha pikseli 200 uiweke chini ya skrini: picha iliyolala itashuka kutoka 1350 kwa 900 hadi 1050 kwa 700, na eneo lake litakuwa limepungua kwa karibu asilimia 40 kwa ajili ya utepe mmoja. Skrini hizi ni tajiri wa upana na maskini wa kimo; kila kitu kinachoweza kukaa ubavuni na kikae ubavuni, na chini pasiwekwe chochote isipokuwa kazi inalazimisha, kama vile mstari wa muda kwa anayetengeneza video.

Kuhusu upande gani wa ubavu, mwaka 1954 mwanasaikolojia wa Marekani Paul Fitts alionyesha kuwa muda wa mkono kufikia shabaha hutegemea umbali wa shabaha hiyo na ukubwa wake: kadiri inavyokuwa mbali na ndogo ndivyo mkono unavyochelewa. Kanuni hiyo inahusu kipanya na kalamu ya kidijitali kama inavyohusu kidole. Paneli ya leya, ambayo karatasi yangu ilionyesha kuwa huguswa kuliko zote, naiweka kwenye safu iliyogusana na picha, nikaipa kimo cha theluthi mbili za skrini ili majina ya leya yasomeke bila kusogeza orodha. Paneli zinazoguswa mara moja moja nazikunja ziwe ikoni. Kukunja huko hufanywa kwa kubofya mishale miwili midogo iliyo juu ya safu, na ikoni ikibofywa paneli yake hufunguka pembeni ya picha, mkono ukafanya kazi yake, kisha ikarudi. Katika mipangilio ya programu (Preferences) upo uchaguzi unaoifanya paneli iliyofunguliwa kutoka kwenye ikoni ijifunge yenyewe ukibofya kwingine. Uwashe, kwa maana bila huo paneli zitabaki zimening'inia juu ya picha na utakuwa unazifunga moja moja mchana kutwa.

Kuhamisha paneli kwenyewe ni kazi ya mkono inayotaka kuzoeleka, na wengi hukata tamaa hapa kwa sababu hawajaelezwa kuwa rangi ya buluu inayotokea wakati wa kuburuta ina lugha yake. Ishike paneli ya histogramu, yaani grafu ya mgawanyo wa mwanga na giza pichani, kwenye kichupo chenye jina lake, si kwenye eneo tupu lililo kando ya kichupo, kwa kuwa eneo hilo huburuta kundi zima. Ivute polepole juu ya safu ya kulia. Ikitokea fremu ya buluu kuzunguka kundi zima la paneli, maana yake ukiachia hapo histogramu itaingia ndani ya kundi na kuwa kichupo kimojawapo. Ukitokea mstari wa buluu uliolala kati ya makundi mawili, itajipenyeza katikati yao na kuwa kundi lake yenyewe. Ukitokea mstari wa buluu uliosimama kwenye ukingo wa safu, itaanzisha safu mpya. Na kama unataka paneli ielee peke yake bila kushikamana na chochote, bonyeza kitufe cha Ctrl, au Command kwenye Mac, wakati unaburuta, na buluu haitatokea kabisa. Ukishaisoma lugha hiyo, kazi iliyokuwa ikila nusu saa ya kuvutana na skrini huisha kwa dakika chache. Nasikitika kwamba programu yenyewe haimwelezi mtumiaji mpya jambo hili popote pale macho yake yalipo.

Sasa nafika kwenye sehemu ambayo kwangu ndiyo inayoipa Photoshop alama ya juu, yaani uwezo wa kuhifadhi mpangilio kwa jina. Ukifungua menyu ya Window, kisha Workspace, kisha New Workspace, utaulizwa jina, na utaulizwa pia kama unataka njia za mkato za kibodi, menyu na mwambaa wa zana vihifadhiwe pamoja na nafasi za paneli. Nafasi za paneli huhifadhiwa wakati wote, lakini hayo mengine matatu hayahifadhiwi mpaka uyawekee alama. Watu wengi hupita dirisha hilo kwa haraka, kisha wanashangaa siku nyingine kwamba paneli zimerudi lakini zana walizozipanga hazikurudi.

Mimi ninayo mipangilio mitatu. Wa kwanza nimeuita Sura. Una leya na sifa tu zikiwa wazi, na ikoni za historia, brashi na chaneli, basi. Wa pili nimeuita Bidhaa, na humo paneli ya taarifa za rangi iko wazi muda wote juu ya leya, kwa sababu picha ya bidhaa kwenye mandhari nyeupe haiamuliwi kwa jicho: naweka vituo vya kupimia rangi kwenye kona za mandhari, kisha naangalia namba za nyekundu, kijani na buluu zikikaribia 255, yaani upeo wa weupe, zote tatu bila kona moja kubaki nyuma, jambo ambalo jicho lililochoka saa kumi jioni haliwezi kulithibitisha. Wa tatu ni Kale, kwa ajili ya picha za zamani, na ndani yake paneli ya chaneli ndiyo iliyopewa nafasi ya mbele. Karatasi ya picha iliyogeuka njano kwa umri, na madoa mengi ya aina hiyo, huonekana kwa ukali zaidi kwenye chaneli ya buluu, na mara nyingi huonekana kwa uhafifu kwenye ile ya nyekundu. Kwa hiyo kazi ya kuzisafisha huanza kwa kubofya chaneli moja baada ya nyingine na kutazama doa limejificha wapi na limejitokeza wapi. Pembeni yake iko historia, kwa sababu picha ya aina hii huhitaji picha-tuli (kumbukumbu za hali ya picha kwa wakati fulani) za kurudia kabla ya kila hatua ya hatari. Ikumbukwe kwamba picha-tuli hizo za historia hufutika faili ikifungwa, hivyo si mbadala wa kuhifadhi nakala.

Jambo moja katika utendaji huu huwachanganya wengi. Ukishahifadhi mpangilio kisha ukausogeza, programu hukumbuka mpangilio ulivyo sasa, si ulivyouhifadhi. Ukienda kwenye mpangilio mwingine na kurudi, utaukuta na fujo yako ile ile. Ule wa asili haujapotea; uko palepale, ila ni lazima uuite kwa amri ya Reset iliyo kwenye menyu hiyo hiyo ya Workspace. Kwangu huu ni uamuzi mzuri wa wabunifu, maana unaniruhusu kuvuruga meza kwa ajili ya kazi moja ngumu na kuisafisha kwa amri moja kazi ikiisha. Mwanafunzi mmoja niliyekuwa nikimfundisha aliwahi kuniita akiwa amehamaki: "Mwalimu, paneli zote zimepotea, na sikugusa kitu!" Kidole chake kilikuwa kimepita kwenye kitufe cha Tab, ambacho huficha paneli zote kwa mguso mmoja na kuzirudisha kwa mguso wa pili. Nilimwomba abonyeze tena, zikarudi, na akakaa kimya kwa muda akikibonyeza kitufe hicho mara kwa mara ili akizoee. Yeye leo hukitumia kuliko mimi. Ukishika Shift pamoja na Tab, paneli za pembeni hujificha lakini zana hubaki.

Kwa wanaotumia kalamu ya kidijitali, ambayo hugusa na kuburuta kwa wepesi usiotakiwa, ipo amri ya kufunga mpangilio, Lock Workspace, inayozuia paneli zisivutwe kwa bahati mbaya. Tangu niiwashe sijalazimika kuirudisha paneli ya leya kutoka katikati ya uso wa mtu.

Mwambaa wa zana nao hupangika, na watu wachache wanalijua hilo. Katika menyu ya Edit kuna dirisha la Toolbar ambamo zana zimeorodheshwa kushoto, na zile usizozitaka huburutwa kwenda orodha ya ziada kulia, ambayo hubaki inafikika kupitia ikoni ya nukta tatu chini ya mwambaa. Kwenye mpangilio wa Sura nimebakiza brashi ya kuponya, muhuri wa kunakili, laso, brashi, zana za kung'arisha na kutia giza, ya kukata, ya mkono na ya kukuza. Mwambaa umekuwa mfupi, na kila zana imetoka ndani ya kundi lake ikakaa mbele, hivyo sihitaji tena kushikilia kipanya na kusubiri menyu ndogo ifunguke.

Rangi ya mazingira ya picha ni suala ambalo wengi hulichukulia kama pambo, nami nalihesabu kuwa zito kuliko nafasi ya paneli yoyote. Photoshop hutoa vivuli vinne vya kiolesura, kuanzia kijivu kinachokaribia weusi hadi kijivu cheupe, na unaweza kuvipitia kwa Shift na F1 au Shift na F2. Kwa muda mrefu nilifanya kazi kwenye kivuli cheusi zaidi kwa sababu kilipendeza machoni. Kisha nikaandaa picha kadhaa za kuchapishwa kwenye albamu, na zilipotoka zote zilikuwa zimefifia gizani: nywele zimeungana na kivuli, makunyanzi ya nguo hayasomeki. Mtambo wa uchapaji haukuwa na kosa. Nilipozifungua tena kwenye skrini ile ile na kuweka ukingo mweupe kuzizunguka, niliziona vile vile zilivyotoka kwenye karatasi. Picha iliyozungukwa na weusi huonekana angavu kuliko ilivyo, na mkono wangu ulikuwa umeitia giza ili kuisawazisha na udanganyifu huo.

Jambo hili si geni. Mkemia wa Ufaransa Michel Eugène Chevreul, aliyesimamia utiaji rangi kwenye kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins mjini Paris, alikabiliwa na malalamiko kuwa nyuzi nyeusi zilikuwa hafifu, akagundua kuwa rangi yenyewe haikuwa na kasoro bali ilibadilika machoni kwa sababu ya rangi zilizokuwa jirani yake. Aliyachapisha matokeo yake mwaka 1839. Ndiyo maana kiwango cha kimataifa cha ISO 3664, kinachoeleza mazingira ya kutazamia picha na kazi za uchapaji, kinataka mazingira ya rangi ya kijivu isiyoegemea rangi yoyote. Katika Photoshop ni rahisi kutii: bofya kwa kitufe cha kulia cha kipanya kwenye eneo tupu linalozunguka picha, nawe utapewa orodha ya vijivu pamoja na nafasi ya kuchagua rangi yako. Usichague rangi yoyote yenye wekundu au ubuluu ndani yake, hata kama inapendeza, kwa sababu ngozi ya mtu uliyempiga picha itaelekea upande wa pili na wewe utaanza kuirekebisha bila sababu.

Uzuri zaidi ni kwamba kila hali ya skrini ina rangi yake ya mazingira. Kitufe cha F huzungusha hali tatu: ya kawaida, ya skrini nzima yenye menyu, na ya skrini nzima isiyo na kitu. Mimi nimeiwekea ya kawaida kijivu cha kati, na ya pili nimeiwekea kijivu kinachokaribia weupe wa karatasi. Ninapohariri picha ya kuchapishwa, kila baada ya muda nabonyeza F mara moja na Tab mara moja, natazama picha ikiwa peke yake kwenye "karatasi", kisha narudi. Ya tatu huja ikiwa nyeusi, na nimeiacha hivyo kwa picha zitakazotazamwa kwenye simu usiku, ambazo nazo zina haki ya kuhukumiwa katika mazingira yake.

Kipo kingine ninachokithamini, nacho ni uwezo wa kufungua picha moja katika madirisha mawili. Kupitia menyu ya Window na Arrange unaiomba programu ikupe dirisha jipya la faili ile ile, kisha unayapanga mawili hayo kando kwa kando. La kushoto naliweka kwenye asilimia 100, ambapo pikseli moja ya picha ni pikseli moja ya skrini na ukali wa picha unaweza kupimwa kwa haki. La kulia linaonyesha picha nzima. Nikiponya ngozi upande wa kushoto, naona kulia kama uso bado ni uso wa mtu au umeanza kuwa plastiki. Wahariri wengi huharibu sura kwa sababu ya kukaa ndani ya tundu moja la ngozi kwa dakika kumi bila kutoka nje kuona mtu mzima, na mpangilio huu huwazuia bila kuwasumbua.

Skrini ya pili husaidia, lakini si kwa kiwango ambacho wengi hutarajia. Paneli zinaweza kuhamishiwa huko zote, na picha ikabaki na skrini nzima ya kwanza. Hata hivyo safari ya mkono hurefuka, na paneli ya leya ikiwa kwenye skrini nyingine shingo nayo hufanya kazi. Mimi huko nahamisha historia na picha ya rejea tu. Hifadhi mpangilio tofauti kwa ajili ya siku za skrini mbili, ili siku ya skrini moja usianze kuzisaka paneli.

Dosari ninazoziona si nyingi ila zipo. Tangu mwaka 2023 Photoshop huonyesha utepe mdogo wa majukumu unaoelea juu ya picha yenyewe na kubadilika kulingana na unachokifanya. Nia yake ni kumfupishia mkono safari, na kwa anayeanza unamfaa, lakini utepe unaokaa juu ya eneo linalohaririwa unakwenda kinyume na kila nilichoeleza hapa. Unaweza kuuzima kwenye menyu ya Window au kuubandika mahali pamoja, nami nimeuzima. Dosari ya pili ni kwamba mipangilio haina njia ya mkato ya kibodi mpaka uipe mwenyewe kwenye dirisha la njia za mkato. Fanya hivyo mapema, kwa sababu mpangilio ambao kuufikia kunahitaji menyu mbili hautumiki kamwe. Na mpangilio unaoitwa Photography, ambao ungetarajiwa kumaliza tatizo hili, unaanza vizuri kwa kuweka histogramu juu, lakini bado umebeba paneli ambazo karatasi yangu haikuzipigia mstari wowote. Uchukue kama mahali pa kuanzia, ukiupunguza kuanzia siku ya kwanza.

Msomaji atauliza kuhusu programu nyingine. Lightroom Classic ya kampuni hiyo hiyo imechagua njia tofauti kabisa: paneli zake hazing'oki. Za kushoto ni za kushoto na za kulia ni za kulia, nawe unaruhusiwa kuzificha kwa F5 hadi F8 pande zote nne, kuficha zile usizozitumia, na kuzipanga upya zile za chumba cha uhariri juu kwa chini. Ipo pia hali ambayo ukifungua paneli moja iliyotangulia hujifunga, na kitufe cha L hufifisha kila kitu isipokuwa picha. Kwa anayepitia mamia ya picha za harusi kwa siku moja, ugumu huo ni neema, kwani mkono hujifunza mahali pamoja na hausahau. Kwa kazi ya leya na muhuri, haitoshi.

GIMP, ambayo ilitolewa kwa umma mwaka 1996 na haina gharama yoyote, ilisifika kwa miaka mingi kwa madirisha yake yaliyotawanyika kwenye skrini, mpaka toleo la 2.8 la mwaka 2012 lilipoleta hali ya dirisha moja, na toleo la 2.10 la mwaka 2018 likaifanya kuwa ya kawaida. Toleo la 3.0 lilitoka mwaka 2025. Paneli zake huburutwa na kupangwa kwa uhuru unaotosha, Tab huficha kama ilivyo kwa mwenzake, na zana hukusanywa katika makundi unayoweza kuyabadili. Inachokosa ni jambo lile lile ninalolisifu kwa Photoshop: haihifadhi mipangilio mingi kwa majina. Inakumbuka mmoja tu, ule uliouacha ulipofunga. Anayetaka zaidi anaweza kunakili faili liitwalo sessionrc kutoka kwenye folda ya mipangilio ya programu hiyo na kuweka nakala moja kwa kila aina ya kazi, akibadilishana nazo programu ikiwa imefungwa. Inafanya kazi, lakini ni kazi ya fundi mwenye subira. Hata hivyo, mhariri mwenye aina moja tu ya kazi hatapungukiwa na chochote: atapanga GIMP mara moja kwa kufuata karatasi yake, na kesho ataikuta ilivyo.

Kwa upande wangu ninayehama kutoka sura kwenda bidhaa kwenda picha ya zamani ndani ya asubuhi moja, uwezo huo wa majina unanibakiza kwenye Photoshop. Faili za mipangilio hiyo hukaa ndani ya folda ya WorkSpaces kwenye mipangilio ya programu, na hunakilika kwenda kompyuta nyingine. Nami zangu tatu naziweka kwenye diski ile ile ninayobebea picha, hivyo nikiketi mbele ya mashine ngeni nazinakili kwanza, ndipo nafungua kazi.